Wazee wa Iran na tiba yao ya "moto na baridi": inawatunza kweli au ni chakula na miguu tu?

#1 MleziToronto
Wakuu salaam. Niko Toronto, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani. Kwa sasa ninaye babu wa Kiirani, mzaliwa wa Shiraz, kapita miaka 85. Ngazi anapanda mwenyewe, gazeti anasoma, na hospitali anameza kidonge kimoja tu cha presha.

Kwake yeye kila kitu ni moto au baridi. Si moto wa jikoni, ni asili ya kitu chenyewe. Samaki ni baridi, kwa hiyo akimaliza samaki lazima ale tende. Mtindi ni baridi, anautilia nanaa kavu na jozi zilizopondwa. Tikiti usiku hagusi. Asubuhi kabla ya chai anakula tini kavu zilizolala kwenye mafuta ya zeituni, nazitoa mimi kwenye chupa kwa kijiko maana vidole vyake vinateleza. Tumbo likimsumbua ni maji ya moto na nabati, ile sukari ya mawe ya rangi ya zafarani. Binti yake anasema baba anafuata tiba ya jadi ya Kiajemi tangu ujanani, kwamba uzee ni baridi na ukavu, hivyo mzee atiwe joto na unyevu.

Kuna anayeijua tiba hii kwa undani? Inawatunza kweli, au babu wangu kajaliwa tu?

#2 Ngalawa
Kajaliwa mlezi. Bibi yangu wa Pangani alifika miaka 90 kwa ugali, samaki wa chukuchuku na kugombana na majirani. Nimekaa siti ya mbele, uzi uendelee.

#3 AliyepitaQom
Nilisoma Iran, Kiajemi nakielewa, nichangie kidogo.

Msingi wake ni Wagiriki, Hippocrates na Galen. Waajemi wakaupanga upya na kuongeza ya kwao. Mwenye jina kubwa ni Ibn Sina, na kitabu chake cha Kanuni, juzuu tano, alikimaliza karibu na mwaka 1025. Humo umri kaugawa mafungu manne: kukua hadi karibu miaka 30, kusimama hadi 35 au 40, kushuka hadi karibu 60, kisha uzee. Mtoto ni moto na unyevu, mzee ni baridi na mkavu. Ila huo ukavu ni wa ndani kwenye viungo vyenyewe. Kwa juu mzee anajaa unyevu wa kigeni, belghamu na kamasi zisizokwisha. Mwili una joto la kuzaliwa nalo, na joto hilo linakula unyevu wa kuzaliwa nao, mfano wa taa na mafuta yake. Mafuta hayaongezwi. Kazi ya tabibu si kuzuia kifo, ni kuhakikisha mafuta hayaishi kabla ya siku zake.

Wazee wana sehemu yao kitabuni. Chakula kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku kadiri tumbo linavyobeba. Asubuhi mkate uliookwa vizuri kwa asali. Maziwa ni kwa yule tu yasiyemjaza tumbo, na kayasifu ya mbuzi na ya punda. Tini na plamu kabla ya chakula ili choo kiwe laini: kiangazi zile mbichi, majira ya baridi tini kavu zilizopikwa kwa maji ya asali. Tangawizi iliyohifadhiwa kwenye sukari. Kukandwa kwa kiasi. Usingizi mrefu kuliko wa kijana. Mazoezi kadiri ya mwili. Kiungo kibovu kipumzike, kingine kifanye kazi.

Na majani na mizizi haviji kwanza. Kwanza ni mambo sita: hewa, chakula na kinywaji, mwendo na utulivu, kulala na kukesha, kinachotoka mwilini na kinachobaki, na hali ya moyo. Ukishindwa huko ndipo unafungua kabati la dawa.

#4 Ngalawa
Maziwa ya punda! Mleta uzi ulizia huko Toronto lita moja bei gani.

#5 MzeeMstaafu
Vijana hamjambo. Nina miaka 71, kwa hesabu ya #3 nimeshayapita mafungu yote. Hizo kamasi za asubuhi ni kweli, hapo huyo bwana hakukosea.

Lakini babu wa Toronto ana mtu anayelipwa kumwangalia, ana binti wa kumpondea jozi, na ana kidonge cha presha ambacho mleta uzi kakitaja kwa haraka kama mtu anayeficha deni. Nyumbani kwetu Upareni kuna wazee wana miguu kumshinda yeye na zafarani hawajawahi kuiona. Wanapanda mlima kwenda shamba na kushuka na mzigo wa majani ya ng'ombe. Mkitaka kujua kama ni tini au ni kidonge, mnyang'anyeni kidonge muone. Msifanye lakini.

#6 MleziToronto
Shikamoo mzee. Kidonge sijakificha! Na miguu pia anayo: akishakula chakula cha jioni halali, anazunguka jengo taratibu, mikono nyuma. Theluji ikizidi anazunguka ukumbini huku akihesabu milango. Nayo anasema ni sehemu ya tiba.

#7 MzeeMstaafu
Marahaba. Basi tiba hiyo ni ya kutembea, ije na jina lolote.

#8 BintiKizimkazi
Mzee wa #5 shikamoo na mimi. Jamani mnaona ajabu gani? Kwetu Unguja mtu mzima hali dafu usiku, litamtia baridi ya viungo. Pweza ni moto. Mzazi hapewi kitu cha baridi mpaka siku zake ziishe. Marehemu bibi tulikuwa tukimkanda miguu kwa mafuta ya karafuu, na kama umeyatia mengi anakutukana, yanamchoma. Haya tumeyakuta, na sidhani kama yametoka Makunduchi peke yake.

Nendeni Kidichi mkaone hamamu. Sayyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, mjukuu wa Shah, na kuta zimechorwa nakshi za plasta za Kiajemi. Kisha Barghash akajenga ile ya mjini, Hamamni. Hamamu kwa wenyewe si kuoga tu: unakandwa, unasuguliwa, unatoka jasho, unapumzika.

#9 AliyepitaQom
Ahsante #8. Vitabuni hamamu ina hesabu yake: hewa yake inatia joto, maji yake yanatia unyevu, kwa hiyo ukikaa kwa kiasi mwili mkavu unafaidi, ukizidisha unalegea na nguvu zinakutoka. Wazee waliambiwa waingie, si wahamie.

#10 MuuguziKisumu
Nawasalimu kutoka Kisumu. Hapo kwa hamamu niwaombe tu, mzee asiachwe peke yake bafuni. Wodini nimewapokea wengi sana waliovunjika nyonga kwa kuteleza maji. Wengine hawakutembea tena, na mwaka haukuisha.

#11 Mfamasia_Moro
Sitaki nionekane mchawi wa uzi, ila niko kaunta ya duka la dawa kila siku na lazima niseme.

Tini na mafuta ya zeituni sina ugomvi nazo. Zina nyuzinyuzi, mafuta yanalainisha, na wazee wengi wanateseka na choo kigumu kuliko wanavyokiri mbele ya watoto wao. Nabati ni sukari, hata ikipakwa zafarani. Mwenye kisukari asidanganywe na rangi.

Ogopeni mizizi na maua. Urukususu, ule mzizi mtamu, unapandisha presha na kushusha potasiamu, sasa mpe mzee anayemeza dawa za kukojoza maji uone moyo wake. Vitunguu saumu na tangawizi kwa wingi juu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vinaweza kumtoa mtu damu. Na Wairani wana chai ya ua la zambarau wanaliita gol gav zaban, wanakunywa na ndimu kavu kutuliza moyo. Ua hilo lina kemikali za kundi linaloumiza ini likitumika muda mrefu. Kikombe cha siku moja moja siyo habari, kunywa kila usiku miaka yote ni habari nyingine.

#12 HijamaExpress
Wakuu mbona mnazunguka? Damu chafu ndiyo uzee wenyewe. Leteni wazazi hijama, kuumikwa damu, tunatoa sumu yote, umri wowote hata miaka 80. Tupo Dar, njoo faragha nikupe bei.

#13 AliyepitaQom
#12 kabla hujamkata mtu: kwenye Kanuni imeandikwa baada ya miaka 60 mtu asiumikwe kabisa. Na kufungua mshipa nako kasema wazee waepushwe kadiri inavyowezekana, isipokuwa yule ambaye mwili wake umeshiba na rangi yake ni nzuri. Sababu ni ileile ya #3: damu ndiyo joto na unyevu, na mzee hana akiba. Iran hijama ya wazee ipo, siwezi kukana, lakini wanaofanya hivyo wasisingizie kitabu.

#14 Ngalawa
😂😂 Biashara imefungwa na marehemu wa miaka elfu moja iliyopita.

#15 HijamaExpress
Sisi tunafuata Sunna, hatufuati Ibn Sina. Msichanganye mambo.

#16 AliyepitaQom
Hapo umesema la maana bila kukusudia, maana hata Iran wanagombana juu ya hilo. Kuna tiba ya jadi na kuna watu wanaodai tiba ya Kiislamu, na hawapatani. Mapema mwaka 2020 shekhe mmoja wa kundi hili la pili alichoma hadharani kitabu cha Harrison, kile wanachosomea madaktari dunia nzima. Akalaaniwa, na mashekhe wenzake walikuwa miongoni mwa waliomlaani.

Ile ya jadi ina vitivo vyuo vikuu tangu 2007, Tehran na kwingine. Anayeingia kusomea uzamivu ni daktari aliyekwisha maliza udaktari wa kawaida. Nasema hivi kwa sababu mtu anaweza kudhani ni mzee mwenye ndevu na magunia. Magunia yapo kwa attari, muuza dawa wa sokoni, na huko ndiko wengi wanakokwenda kwanza. Ubora wa ushauri unategemea umeangukia kwa nani.

#17 Ngalawa
Wakuu nimepekua. Huyu Ibn Sina kazaliwa 980 kafariki 1037. Miaka 57! Huyo ndiye anatufundisha uzee? Hata kiinua mgongo hajapata.

#18 BintiKizimkazi
Hee! Kwa kanuni yake mwenyewe hata uzeeni hakufika.

#19 AliyepitaQom
Nilijua mtafika huko. Alikufa kwa maradhi ya tumbo, msokoto mkali, akiwa anaandamana na jeshi la mtawala wa Isfahan. Mwanafunzi wake Juzjani ameandika yote. Kwa kutaka apone haraka asiachwe nyuma, alijitia dawa ya kusafisha utumbo mara nane kwa siku moja, matumbo yakapata vidonda. Tabibu aliyekuwa naye akazidisha mbegu za figili tamu kwenye dawa, mtumishi akatia kasumba, yaani afyuni, kupita kiasi. Mwisho akaacha matibabu, akafia Hamadan, na kaburi lake liko huko lina mnara. Juzjani hafichi kwamba bwana wake hakujizuia na anasa. Elimu alikuwa nayo, subira hakuwa nayo.

Na Razi, tabibu mwingine wa Kiajemi aliyemtangulia, uzeeni alipofuka. Inasimuliwa alikataa kupasuliwa jicho kwa sababu mpasuaji alishindwa kumjibu jicho lina tabaka ngapi.

#20 MzeeMstaafu
Huyo Razi ningekunywa naye kahawa.

#21 Ngalawa
Na mimi nimesoma kwamba Ibn Sina aliwaandikia wazee mvinyo. #3 mbona umeruka?

#22 AliyepitaQom
Upo, mvinyo mwekundu wa zamani, kwa ajili ya kutia joto na kukojoza. Mpya kaukataza. Nimeruka kwa sababu nakujua wewe.

#23 Mfamasia_Moro
Nirudi kwenye kasumba ya #19, maana siyo ya zamani tu. Wairani wengi wa umri mkubwa wameamini kwamba kasumba kidogo inamlinda mzee na kisukari na moyo. Mkoa wa Golestan, kaskazini mashariki, watafiti wamefuatilia watu kama 50,000 wa miaka 40 kwenda juu, kazi iliyoanza 2004. Matokeo yakachapishwa 2012: wavutaji na wamezaji wa kasumba walikufa zaidi kuliko wasiotumia, na moyo ukiwemo. Sasa hiyo nayo ilikuwa "dawa ya wazee wetu". Kwa hiyo mtu akiniambia jambo limekaa miaka mingi, kwangu miaka siyo ushahidi.

#24 AliyepitaQom
Sikubishii kwenye kasumba. Ila usiweke tini na kasumba kikapu kimoja.

#25 Mfamasia_Moro
Mwenye kikapu ni mgonjwa, siyo mimi. Mgonjwa ananunua vyote kwa attari mmoja.

#26 MamaZuwena_Muscat
Salaam toka Muscat. Jirani yangu ni bibi wa Kibalushi, anakula hayohayo yote. Ndimu kavu kwenye mchuzi, zafarani kwenye kahawa, mawaridi kwenye maji, samaki kwa tende. Lakini ana kisukari, magoti yamekwisha, na hatoki nje miezi ya joto yote kwa sababu ya jua. Gari mlangoni, kiyoyozi usiku kucha. Kwa hiyo wanaosema ni chakula wanieleze huyu. Mimi naona ni mdomo. Babu wa #1 anaonekana anajizuia, haongezi sahani. Bibi yetu anaongeza, na ukimzuia ananuna.

#27 MuuguziKisumu
Mimi niongeze langu. Kati ya yale mambo sita ya #3, nyinyi wote mmeshikilia chakula na mwendo, la sita mmeliruka. Hali ya moyo. Wodini naona wazee wawili wana ugonjwa mmoja, dawa moja. Mmoja ana wajukuu wanakuja na chai kwa chupa, mwingine anaangalia mlango. Wa kwanza anaondoka mapema. Babu wa Toronto kila mlo kuna mtu anamuuliza, "hiki ni moto au baridi?" Huyo mtu anajiona ana maana bado. Mwalimu kamili! Pengine ndiyo hiyo inamshikilia.

#28 MzeeMstaafu
#27 umenigusa lakini sikubali yote. Nina rafiki watoto wanamzunguka kama nyuki na bado kiharusi kilimpata. Alikuwa hapimi presha.

#29 MleziToronto
Wakuu nimerudi, nilikuwa zamu. Nimemuuliza binti yake mambo mawili matatu.

Kwanza, babu alikuwa na kaka. Nyumba moja, mama mmoja, chakula kilekile cha moto na baridi. Alifia Shiraz kwa moyo, hata miaka 65 hakufikisha. Alikuwa mvuta sigara, babu hakuwahi kuvuta.

Pili, dada yao yupo Isfahan, kamzidi babu umri, anatembea, na hizi habari za mizaji, yaani asili ya mwili kuwa moto au baridi, anazicheka. Anakula tikiti usiku.

#30 Ngalawa
Haya sasa! Dada kaua uzi.

#31 Mfamasia_Moro
Sigara. Nafunga mdomo.

#32 AliyepitaQom
Dada hajaua kitu. Wenye tiba hii watakwambia kila mtu na mzaji wake. Aliyezaliwa na mzaji wa moto tikiti usiku halimdhuru hata uzeeni, aliyezaliwa na baridi linamlaza. Ndiyo maana hakuna orodha moja ya wazee wote.

#33 Mfamasia_Moro
Hilo ndilo tatizo langu sasa. Akipona, mzaji. Asipopona, mzaji. Tutaikamata wapi hoja ya namna hiyo?

#34 BintiKizimkazi
Mbona hata nyie? Dawa moja ya presha inamfaa huyu, yule inamtia kikohozi mnambadilishia. Mnasema mwili wake umeikataa. Tofauti iko wapi?

#35 Mfamasia_Moro
Tofauti ni kwamba tumehesabu wangapi wanakohoa. Lakini swali zuri dada, nakupa soda.

#36 MleziToronto
Mfamasia, kabla sijasahau. Nimeangalia kabatini, chai yake ya saa kumi ni mizizi myembamba ya njano ndani, mitamu. Binti anaiita shirin bayan. Anasema ni ya tumbo.

#37 Mfamasia_Moro
Huo ndio urukususu niliousema #11! Anameza kidonge cha presha halafu anakunywa kinachoipandisha. Usimnyang'anye wewe, si kazi yako na utagombana naye. Mwambie binti amwambie daktari wao jina la mzizi na anakunywa kiasi gani, wampime potasiamu. Presha unampima?

#38 MleziToronto
Kila asubuhi. Wiki hizi imekuwa ikipanda kidogo, nilidhani ni mashine. Nampigia binti sasa hivi.

#39 AliyepitaQom
Hapa nakubaliana na mfamasia. Na mtaalamu wa kweli wa tiba hii angeanza kwa kuuliza mzee anameza nini hospitali. Tumbo lina vingi vya kulituliza, hata maji ya nanaa yanatosha.

#40 Mgeni_Uyui
Habari wakuu, nimesoma toka juu. Mama yangu ana miaka 66, mwembamba, miguu ya baridi hata mchana wa jua, usiku halali. Nianzie wapi?

#41 AliyepitaQom
Kwa maelezo yako hiyo ni baridi na ukavu. Supu ya kuku laini, lozi zilizolowekwa, chakula cha jioni kiwe chepesi na mapema, miguu ikandwe mafuta ya vuguvugu kabla ya kulala. Chai kali jioni aache.

#42 Mfamasia_Moro
Kwa maelezo yako apime wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Kukonda kusikojulikana sababu usikutibu kwa lozi.

#43 BintiKizimkazi
Mafuta matone machache tu, na mkande wewe mwenyewe, usimwachie dada wa kazi.

#44 MzeeMstaafu
Muulize na yeye mwenyewe kwa nini halali. Mmemtibu watu watatu na hakuna aliyemsikia.

#45 HijamaExpress
66? Njoo faragha.

#46 Ngalawa
WEWE!

#47 Mgeni_Uyui
Ahsanteni. Kesho nampeleka kupima. Mzee wa #44, nimemuuliza: anasema popo wamejaa kwenye dari.

#48 MzeeMstaafu
Haya, tafuta fundi wa dari.